Jina la Ukoo na Jina la Kupanga: Lakabu za Watunzi wa Hadithi Fupi, kwa Kuangalia Kyela



Wanyakyusa, ambao nyumbani kwao ni Rungwe na Kyela hadi kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wana desturi iitwayo ingamwana. Masikioni mwa msemaji wa Kiswahili neno hilo liko karibu sana na mkamwana, na maana zake nazo hazipo mbali. Kwa mujibu wa desturi hiyo, mke aliyeolewa humwepuka baba mkwe wake: hakutani naye uso kwa uso, humpisha njiani, wala halitamki jina lake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi wao miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliieleza desturi hii kwa kirefu, na mwaka 2000 Stefanie Kolbusa aliiandikia tasnifu nzima kwa Kijerumani. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, linalovutia zaidi ni kwamba mwiko huo haukomei kwenye jina lenyewe. Hufika hadi kwenye maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti.

Nitoe mfano wa kubuni, tena wa Kiswahili, ili jambo hili lieleweke. Tuseme baba mkwe anaitwa Majaliwa. Mke wa mwanawe hatalitaja jina hilo kamwe. Lakini sasa na maji nayo yanamtatiza, kwa kuwa yanaanza kwa silabi ile ile. Hana budi kuyatafutia jina jingine: labda atayaita “ya kisimani”, labda “kinywaji”, labda atazua neno ambalo halijapata kusikika. Akiolewa mwenzake katika nyumba nyingine yenye baba mkwe wa jina jingine, huyo naye atakuwa na orodha yake ya maneno ya kukwepa. Kwa hiyo, katika kijiji kimoja wanawake huweza kuwa na misamiati inayotofautiana kidogo kidogo, na kila mmoja wao ni mtunzi wa maneno bila ya kuitwa mtunzi.

Nimeianza mada yetu kwa ingamwana kwa makusudi. Mada yenyewe ni majina ambayo watu hujipa wanapotunga hadithi fupi kwa kujifurahisha na kuzisambaza kwa simu na mtandao. Mazungumzo mengi kuhusu majina hayo huanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye tuhuma. Huulizwa: huyu anaficha nini? Ningependa kuonyesha kwamba katika mazingira ya Kiswahili, na hata ya lugha jirani, kulikwepa jina ni adabu kabla ya kuwa hila, na ni ubunifu kabla ya kuwa udanganyifu. Msomi asiyelitambua hilo atakosea kusoma kazi zenyewe, na, kama nitakavyoeleza, atasaidia kuzipoteza.

Kuhusu istilahi

Tuna matatizo mawili ya istilahi. La kwanza ni jina la shughuli yenyewe. Mtu anayefanya kazi ya ualimu au anayelima mpunga mchana, kisha usiku akatunga hadithi kwa mapenzi yake tu, anafanya nini? Neno linalopendekezwa mara kwa mara ni uraibu. Lakini uraibu asili yake ni mazoea ya vitu kama tambuu na tumbaku, na siku hizi ndilo neno linalotumiwa katika mijadala ya dawa za kulevya. Ni vigumu kumwambia mwalimu mwenye heshima zake kwamba ana uraibu wa hadithi, ingawa pengine wapo ambao wasingeukana. Wengine husema hobi, wengine pumbao, wengine burudani. Mimi nitasema utunzi wa faragha, kwa sababu faragha ndiyo inayoutofautisha: wakati wake ni wa faragha, na mara nyingi jina la mtunzi nalo ni la faragha.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Tunayo majina mengi ya jina lisilo la kuzaliwa: lakabu, jina la utani, jina la kupanga, jina la majazi, jina la bandia. Hayalingani. Lakabu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jina la sifa ambalo mtu hupewa au hujipa, na halina aibu ndani yake. Bandia ni neno la fedha ya kughushi, la dawa isiyo dawa, la kiungo kisicho cha mwili. Mwandishi anapoitwa mwenye jina la bandia, huwa amekwisha kuhukumiwa kabla hadithi yake haijasomwa. Sioni sababu ya kuendelea na neno hilo katika uhakiki wa fasihi. Jina la kupanga linafaa zaidi, tena lina utamu wake: kupanga ni kuweka mambo kwa utaratibu, na kupanga pia ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Mwandishi hukaa katika jina hilo kwa muda, akalilipia kwa kazi yake, na huenda siku moja akahama.

Desturi yenye umri

Wala si jambo la jana. Katika tenzi za kale ilikuwa desturi mtunzi ajitambulishe mwishoni, na kujitambulisha huko hakukuwa kutaja jina siku zote. Wako waliojitaja kwa jina na nasaba, na wako waliojieleza kwa unyenyekevu tu, kama fukara au mgeni anayeomba dua ya msomaji. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Lile ambalo kwalo sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na ambalo Shaaban Robert aliliandikia wasifu, ni jina la heshima lililomjia baadaye. Ni lipi basi jina lake la kweli? Anayejibu haraka kwamba ni Mtumwa na aifikirie tena historia iliyomo katika jina hilo.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa bara na pwani uwanja wa kujibizana, na wengi wao walitia chini ya beti zao majina ya kupanga. Mtu aliweza kuwa karani wa serikali ofisini na simba katika ukurasa wa mashairi. Wapinzani wake walimjibu kwa lakabu yake, wakamtania kwa lakabu yake, na mara nyingi walijua vizuri sana ni nani. Hilo ni jambo la kuzingatia: lakabu ya mshairi wa gazetini haikumficha kwa wenzake, bali ilimpa nafasi ya pili ya kusimama. Ustadh Andanenga alijulikana pia kama Sauti ya Kiza. Ahmad Nassir wa Mombasa alichapisha diwani yake Malenga wa Mvita mwaka 1971, na anwani ya kitabu ikageuka kuwa jina la mtu, hata leo ukisema Malenga wa Mvita huhitaji kuongeza neno.

Katika hadithi za kubuni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri, na ndiye aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Jalada lina jina lake kamili. Lakini mpelelezi wa hadithi hiyo na nyingine zilizofuata anaitwa Bwana Msa. Na herufi za kwanza za Muhammed Said Abdulla, ukiziunganisha, ni hizo hizo. Hakujificha nyuma ya jina. Alilichukua jina lake, akalikata, akalitia ndani ya hadithi, likawa mtu anayevuta kiko na kufikiri kwa niaba yake. Naona huu kuwa mchezo wa jina uliofanikiwa kuliko yote katika nathari yetu, na haujasemwa vya kutosha.

Hadithi fupi hasa ndiyo iliyomfaa mtunzi wa faragha. Riwaya hudai miaka na mchapishaji. Hadithi fupi hudai jioni chache na ukurasa wa gazeti. Hata mabingwa walipitia huko: “Mayai Waziri wa Maradhi” ya Euphrase Kezilahabi ilitokea kwanza katika gazeti la Mzalendo mwaka 1978, na ilichukua zaidi ya robo karne kabla ya kuibeba anwani ya mkusanyiko wa hadithi mwaka 2004. Kama hali ilikuwa hiyo kwa Kezilahabi, mwandishi asiyejulikana hangetarajia zaidi. Alilitegemea gazeti, na gazeti la jana hufungiwa vitumbua.

Busale na simu

Sasa tuje Kyela. Wilaya hii inajulikana nchini kwa mchele wake na kwa kakao, na ufukwe wake wa Matema unajulikana kwa vyungu vya wanawake wa Kikisi. Vyungu hivyo hufinyangwa Ikombe bila ya gurudumu, husuguliwa kwa kokoto mpaka ving’ae, na huuzwa katika soko la Lyulilo. Mnunuzi wa mbali hukiita chungu cha Kikisi, basi. Jina la mama aliyekifinyanga halisafiri pamoja nacho. Chungu hakidhuriki kwa hilo; hadithi, kama tutakavyoona, hudhurika.

Tumchukue mtu wa kuwazia tu: mwalimu wa kike wa shule ya msingi katika kata ya Busale. Ameolewa, ni mwimbaji wa kwaya kanisani, na usiku huandika kwenye simu yake hadithi za mapenzi na usaliti wa ndoa. Je, aweke jina gani juu ya hadithi yake?

Jina lake la kwanza huenda ni Atupele au Atuganile au Tusajigwe. Majina ya Kinyakyusa ya aina hiyo ni sentensi nzima: ametupa, ametupenda, tumebarikiwa. Na mtendaji anayedokezwa ni Mungu. Kulitia jina kama hilo juu ya hadithi ya mume anayetoroka nyumbani kwa dirisha ni kumshirikisha Mola katika jambo ambalo mwandishi angependa kulibeba peke yake. Jina la pili lina uzito zaidi. Majina ya koo za huko huanza kwa Mwa-: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakipesile, na mengine mengi. Popote Tanzania, mtu akisikia Mwa- ya namna hiyo hukisia mara moja kwamba mwenye jina ametoka pande za Mbeya. Katika Kyela yenyewe hakisii mkoa, hukisia nyumba. Kwa hiyo mwalimu wetu akitia sahihi kwa jina la ukoo, hajajitia yeye tu. Ametia sahihi kwa niaba ya baba, wajomba, mashangazi na waliolala makaburini. Akitia la mumewe ni zaidi, maana hilo ndilo jina la baba mkwe.

Hapa ndipo ingamwana inaporudi bila ya kuitwa. Mwanamke ambaye bibi yake aliepuka silabi za jina la mkwe kwa staha hafanyi jambo geni anapoepuka kulitundika jina hilo juu ya hadithi itakayosomwa na maelfu. Sisemi kwamba desturi moja imezaa nyingine. Ushahidi wa hilo sina, wala sidhani unahitajika. Ninachosema ni kwamba msukumo ni ule ule, na tunda lake ni lile lile, yaani jina jipya lililobuniwa ili mtu aweze kusema bila ya kukosa adabu. Wala tusidhani kwamba kujificha hakumo kabisa. Kumo. Mwalimu ana mkuu wa shule, ana wazazi wa wanafunzi, na wapo watakaoisoma hadithi kama ungamo. Lakini kujificha ni sehemu, na uhakiki wetu umekuwa ukiichukua sehemu hiyo kuwa yote.

Hadithi hizi zina sura yake maalumu, nayo ingestahili mhadhara mwingine. Hutolewa vipande vipande, kila kimoja kikiwa na namba ya sehemu na kukatizwa pale roho inapopanda, kama zilivyofanya hadithi za mfululizo za magazeti pendwa zilizotangulia. Juu kabisa huwekwa anwani, kisha neno MTUNZI na jina la kupanga, kisha namba ya simu. Sehemu za mwanzo ni bure. Anayetaka mwisho hutuma fedha kwa simu, akaingizwa katika kundi la wasomaji.

Iangalieni vizuri namba hiyo ya simu. Ndiyo sahihi halisi ya mwandishi wa leo, kwa kuwa jina linaweza kubadilika kutoka hadithi hadi hadithi, namba ikabaki. Na ndiyo pia mahali lakabu inapochanika. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa nchini Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2020, kila laini imefungwa kwenye kitambulisho cha taifa cha mwenyewe. Msomaji anapotuma shilingi zake, simu humwonyesha jina lililosajiliwa la mpokeaji. Mwandishi amejiita, tuseme, Nyota ya Ziwa. Msomaji amelipa, na mbele ya macho yake limetokea jina la ubatizo na la ukoo kwa herufi kubwa. Jina la kupanga, ambalo mshairi wa Mambo Leo aliweza kulivaa miaka thelathini, huku mtu akilivuliwa kwa shilingi elfu moja. Dawa wanayoitumia baadhi ya watunzi ni kupokea fedha kwa laini ya ndugu, na hapo kuna mtu wa tatu anayeingia katika utunzi bila ya kuandika neno.

Serikali nayo ina sauti katika jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Katazo hilo ni la haki, na wahakiki tungefaidika kwa kulisoma kwa makini, maana linagusa tofauti tunayoipuuza: kuchukua jina la mtu aliyepo ni wizi, kubuni jina la mtu asiyekuwapo ni utunzi. Mambo huwa magumu pale dola linapotaka kumjua aliye nyuma ya jina la kubuni. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani Dar es Salaam, na kiini cha shauri kilikuwa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka. Waliohusika walikuwa waandikaji wa habari na hoja, si wa hadithi za mapenzi. Hata hivyo mtunzi wa Busale anasoma habari kama wengine, na hujiuliza jina lake la kupanga limesimama juu ya ardhi gani.

Majina yanavyopotea

Lakini hatari kubwa kwa hadithi hizi, kwa maoni yangu, haitoki polisi. Inatoka kwa wasomaji wenye mapenzi. Hadithi ikipendwa hunakiliwa na kupelekwa kundi jingine. Anayenakili huondoa namba ya simu, pengine kwa kuwa anataka kuweka yake. Anayefuata huondoa jina. Wa tatu hutia jina lake mwenyewe. Baada ya miezi michache hadithi moja ina watunzi watatu au hana hata mmoja. Na mtunzi wa kwanza, kwa kuwa alijiita kwa jina la kupanga, hana njia rahisi ya kudai. Akidai kwa lakabu, ataulizwa ni nani. Akidai kwa jina la ukoo, amekwisha kulitoa lile alilolilinda. Staha iliyomfanya abuni jina ndiyo inayomnyima haki ya kazi yake. Ninyi wanafunzi mnaoziita hadithi hizi “za mitaani” na kuziacha, fahamuni kwamba kimya chenu kinamsaidia yule wa tatu.

Tulipata kuwa na mtu aliyefanya vinginevyo. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, yakiwa katika hali ambayo hadithi za simu zimo leo: yanaenea, yanabadilika, yanakosa mwenyewe. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaeleza, akashirikiana na mmishenari William Taylor aliyeyaandika, na ndiyo maana tunaye Muyaka wa kumsoma. Jina Sikujua, kwa mtu aliyejua mengi kiasi hicho, nalo lingetosha kuwa mada ya mhadhara.

Kazi ya namna hiyo ingeweza kufanywa Kyela leo na mwanafunzi mmoja mwenye daftari na subira. Akiipata hadithi, aandike jina la kupanga kama lilivyo, na makosa yake ya tahajia, kwa kuwa tahajia nayo huwa sehemu ya jina. Aandike siku aliyoipokea, ni sehemu ya ngapi, na imepita makundi mangapi ikiwa anajua. Akiona matoleo mawili yenye watunzi wawili, asichague. Ayahifadhi yote mawili na majina yote mawili. Namba ya simu aitumie kumpata mwandishi na kumwomba ruhusa, kisha asiichapishe. Na katika marejeo ya tasnifu yake, aorodheshe hadithi chini ya lakabu, bila ya mabano yenye jina la ukoo, hata kama analijua, isipokuwa mwandishi mwenyewe ameandika kwamba anakubali. Maktaba zetu zimezoea kumtafuta mtunzi kwa jina la mwisho. Nyota ya Ziwa hana jina la mwisho. Awekwe chini ya N.